Kiegemeo cha kitabu kwa boksi gumu: vipimo, gundi na namna ya kukiunga

Makala hii tuliiahidi hewani, na leo tunatimiza ahadi.

Ilianza na ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Rhotia. Ana watoto watatu, wote wako shule ya msingi. Mwalimu huwapa kitabu kimoja cha hadithi wakasome nyumbani na kukirudisha Ijumaa. Meza hawana. Jioni mkubwa hukaa kwenye kigoda akakiweka kitabu magotini, wa pili huchungulia kwa ubavuni, na mdogo wa darasa la pili hukaa mbele yao, akitazama maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu. Siku moja mwalimu alimpa huyo mdogo kitabu akisome mwenyewe mbele ya darasa. Mtoto akakigeuza, akakishika juu chini, halafu akaanza kusoma bila shida.

"Darasa zima lilicheka," mama alituambia, "na mimi nilicheka aliponisimulia. Usiku nikakosa usingizi. Nifanyeje, na meza sina hela ya kununua?"

Swali hilo tulilipokea kwa uzito wake. Mtoto huyo hana tatizo la akili wala la macho. Tatizo lake ni mahali alipokaa. Miaka miwili mbele kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na siku hiyo karatasi ya mtihani haitageuzwa ili imfuate yeye. Kwa hiyo tulikwenda kutafuta jibu ambalo mzazi anaweza kulitengeneza kwa mikono yake, kwa vitu vinavyotupwa nyuma ya maduka. Jibu ni kiegemeo cha kitabu cha boksi gumu. Tumekitengeneza wenyewe, mara mbili kikatushinda, mara ya tatu kikasimama. Hapa tunakueleza chote, pamoja na tulipokosea.

Makala hii haina picha, ili isikumalizie bando. Chukua daftari na kalamu, uandike vipimo tutakapofika kwenye vipimo.

Kwa nini kitabu kisimame

Kitabu kinapoegemezwa kwenye ubao uliolala kidogo kwenda nyuma, watoto watatu wanaweza kukaa upande mmoja, bega kwa bega, na wote wakayaona maandishi yakiwa wima. Hiyo ndiyo faida ya kwanza, na kwa mama yule ndiyo kubwa kuliko zote.

Ya pili ni kwamba mikono inabaki huru. Mtoto anaweza kufuata mstari kwa kidole au kuandika majibu kwenye daftari bila kukiachia kitabu kikajifunga.

Ya tatu ni uhai wa kitabu chenyewe. Kitabu kinachosomewa sakafuni hukanyagwa, humwagikiwa chai, hushika vumbi. Kinachofunuliwa kwa nguvu na kukandamizwa magotini huachia uti wake, kurasa zikaanza kudondoka moja moja. Kitabu cha shule ni cha watoto wengi, na kikichanika kwako kimechanika kwa wote watakaokuja kukisoma baadaye.

Tuseme wazi pia jambo ambalo kiegemeo hakiwezi. Hakiongezi idadi ya vitabu. Kama shule ina vitabu vichache, vitaendelea kuwa vichache. Lakini kitabu kimoja kinachoonwa na watoto watatu kwa usawa kinafanya kazi ya vitabu vitatu kwa saa hiyo moja ya jioni.

Boksi ni bati la karatasi

Kabla ya kukata, lifahamu boksi. Chukua kipande cha boksi ukitazame kwenye ukingo uliokatwa. Utaona karatasi mbili zilizonyooka, na katikati yake karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi. Ni kama bati la nyumba yako. Karatasi bapa ya bati ungeweza kuikunja kwa mikono, lakini ikishapigwa mawimbi inabeba mvua ya mawe na fundi aliyepanda juu. Boksi linafanya vivyo hivyo.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1856 Waingereza wawili, Healey na Allen, walipata hataza ya karatasi ya mawimbi, wakaitumia ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones akaitumia kufungia chupa zisivunjike safarini. Maboksi yakafuata. Hapa kwetu, kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa, kinatengeneza karatasi ngumu ya kahawia kutokana na miti ya misitu ya huko.

Sasa shika lile wazo la bati, kwa sababu kazi yote inalitegemea. Bati ni gumu ukijaribu kulikunja kwa kukatiza mawimbi, lakini ukilikunja kwa kufuata wimbi linalala bila ubishi. Boksi nalo lina mwelekeo. Mifereji ile ya ndani ikisimama wima, kama nguzo, boksi linabeba mzigo. Ikilala, boksi linabonyea. Ukigundisha vipande viwili, kimoja mifereji yake imesimama na kingine imelala, unapata ubao usiopinda upande wowote. Mafundi wa mbao wanajua: plaiwudi imetengenezwa kwa ujanja huo huo.

Boksi gani utafute, gani uliache

Boksi la kawaida la sabuni au biskuti lina safu moja ya mawimbi, na unene wake ni milimita 3 hadi 4. Boksi gumu lina safu mbili za mawimbi, na unene wake hufika milimita 7 hivi. Hilo ndilo tunalolitaka kwa sehemu kubwa ya kazi. Linapatikana kwa vitu vizito: friji, televisheni kubwa, paneli za sola, jiko la gesi, pikipiki mpya.

Karatu mjini, pita kwenye maduka ya vifaa vya umeme na ya pikipiki yaliyopo kando ya barabara kuu ya kwenda Ngorongoro, uliza mapema kabla boksi halijachomwa au kupewa mtu mwingine. Hoteli na kambi za wageni nazo hupokea mizigo mikubwa. Kwa walioko Endulen au Loliondo, mwombe dereva wa gari la mizigo au mwenye duka akutunzie. Boksi moja la friji linatosha viegemeo kadhaa, kwa hiyo majirani mnaweza kugawana.

Chagua boksi kavu, lisilo na mikunjo mingi wala alama za maji. Libonyeze kwa kidole gumba: likirudi, zima, likibaki na shimo, limekwisha nguvu.

Na hapa tunaomba usikilize vizuri. Usitumie kabisa boksi lililobeba viuatilifu vya mashambani, dawa za kuogeshea mifugo au mbegu zilizotiwa dawa. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na wafugaji wa Ngorongoro maboksi hayo wanayo mengi, na mengine ni magumu na mazuri kwa macho. Sumu ikimwagika hunywewa na karatasi na haitoki kwa kufuta. Kiegemeo kitashikwa na mtoto ambaye baadaye atakula ugali kwa mkono huo huo.

Vifaa

Mbali na boksi gumu moja na boksi moja la kawaida, utahitaji kisu kikali, rula au ubao ulionyooka, penseli, futi ya fundi, sindano ya kushonea magunia na uzi wake, karatasi za magazeti au za mifuko ya kaki, unga wa ngano, na mawe mazito au ndoo za maji za kukandamizia. Mwishoni, ukipata masalio ya rangi ya mafuta au vanishi, ni vizuri. Vibanio viwili vya nguo vitatumika kushika kurasa.

Kukata ni kazi ya mtu mzima. Weka kipande cha ubao chini ya boksi, kata kwa kupitisha kisu mara tatu nne taratibu, si kwa nguvu mara moja. Vidole vya mkono unaoshika rula vikae nyuma ya kisu, visiwe njiani.

Vipande na vipimo

Vipimo hivi ni vya kitabu cha kiada cha ukubwa wa A4 kikiwa kimefunuliwa. Kitabu kidogo kitakaa bila tatizo.

Kutoka boksi gumu:

Ubao wa mgongo: vipande 2, kila kimoja sentimita 44 kwa 30. Kimoja mifereji yake iende kwa urefu wa 44, kingine kwa urefu wa 30.

Kitako: vipande 2, kila kimoja sentimita 44 kwa 24. Navyo mifereji ipishane.

Miguu: mistatili 3, kila mmoja sentimita 18 kwa 24. Kila mstatili ukate kutoka kona hadi kona, upate pembetatu mbili. Jumla pembetatu 6, yaani tatu kwa kila mguu. Mistatili miwili mifereji yake ifuate ile 24, mmoja ifuate ile 18.

Kabari: mistatili 6 midogo, kila mmoja sentimita 3 kwa 4. Nayo ikate kona hadi kona, upate pembetatu 12, ambazo zitakuwa kabari nne zenye tabaka tatu tatu.

Kutoka boksi la kawaida:

Ukanda wa kushikia kitabu: kipande 1, sentimita 44 kwa 12. Mifereji ifuate ile 12.

Wale waliowahi kusimamia ujenzi wa nyumba watakuwa wametabasamu walipoona namba za miguu. Fundi anapopima kona ya msingi hutumia 3, 4 na 5: akipima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, kamba ya mshazari ikisoma futi 5, kona imenyooka. Namba zetu 18, 24 na 30 ni zile zile 3, 4 na 5 zikizidishwa kwa 6. Ndiyo maana ule upande wa mshazari wa mguu unatoka sentimita 30 kamili, sawa na kimo cha ubao wa mgongo. Ukikata na mshazari wako ukasoma 29 au 31, kona yako haijanyooka, rudia kabla ya kugundisha.

Gundi ya unga wa ngano

Gundi nyeupe ya maseremala inafaa, ila ni ghali kwa kazi ya eneo kubwa. Sisi tulitumia uji wa unga wa ngano, na Karatu ngano tunailima wenyewe.

Chukua kikombe kimoja cha unga, ukoroge na kikombe kimoja cha maji ya baridi mpaka kusiwe na mabonge. Chemsha vikombe vitatu vya maji. Yakichemka, mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga. Endelea kukoroga kwa moto mdogo dakika tatu hadi tano, mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Ipua, acha upoe. Uwe mzito kama uji wa mgonjwa anayeanza kupata nafuu: unamiminika, lakini kwa kusita.

Tengeneza wa kutumia siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukianza kunuka uchachu, umwage.

Hatua kwa hatua

Kwanza, gundisha tabaka. Paka gundi nyembamba kwenye nyuso zote mbili zitakazokutana, usiache sehemu kavu, wala usiloweshe. Unganisha vipande viwili vya mgongo, viwili vya kitako, vitatu vitatu vya miguu na vya kabari. Kwenye mguu, kile chenye mifereji iliyolala kikae katikati. Weka kila kitu juu ya sakafu iliyonyooka, funika kwa ubao, kandamiza kwa mawe au ndoo zilizojaa maji. Acha siku mbili. Msimu wa baridi acha tatu.

Pili, kunja ukanda. Piga mstari kwenye sentimita 5 na mwingine kwenye sentimita 10. Pitisha mpini wa kijiko juu ya mistari hiyo kwa kukandamiza, mpaka boksi libonyee bila kuchanika. Kunja pande zote mbili kuelekea ndani. Sasa una sehemu tatu: sentimita 5 za kugundishwa kwenye mgongo, sentimita 5 za kukalia kitabu, na sentimita 2 za kuzuia kurasa zisiteleze.

Tatu, shona ukanda. Paka gundi kwenye ile sehemu ya kwanza, uibandike upande wa mbele wa ubao wa mgongo, chini kabisa, mkunjo ukiwa sawa na ukingo wa ubao. Halafu shona kwa sindano ya gunia, mistari miwili, ukipita ubao wote mpaka nyuma. Usikaze uzi mpaka boksi likatike. Mshono huu ndio utakaobeba kazi siku gundi ikichoka.

Nne, simamisha miguu. Weka kitako chini. Miguu ikae sentimita 6 kutoka kila ubavu, upande wa sentimita 18 ukiwa chini, ukingo wa wima wa sentimita 24 ukiwa sawa na ukingo wa nyuma wa kitako. Mbele ya miguu zitabaki sentimita 6 za kitako zilizo wazi. Paka gundi nzito, simamisha, zuia kwa matofali kila upande mpaka ishike.

Tano, laza mgongo. Paka gundi kwenye mishazari ya miguu na kwenye kitako pale ubao utakapogusa. Laza ubao juu ya mishazari, ukingo wake wa chini ukae juu ya kitako. Hakikisha umebaki sawa kushoto na kulia. Funga kwa kamba kuzunguka kote, uache mpaka kesho.

Sita, ingiza kabari. Ukitazama kwa ubavuni utaona ule ukanda unainuka kwenda mbele, na chini yake kuna uwazi wa pembetatu. Humo ndimo kabari zinaingia. Upande wa 4 ulale kwenye kitako, upande wa 3 uwe wima kwa mbele, mshazari wa 5 uguse ukanda kwa chini. Sukuma kila kabari ndani mpaka ncha yake ifike pale mgongo unapokutana na kitako. Weka mbili karibu na ncha za ukanda na mbili katikati, kwa nafasi sawa. Bila kabari, uzito wa kitabu utaufungua ule mkunjo siku chache tu.

Saba, funga viungo. Chana gazeti au kaki vipande vyembamba, upana wa vidole viwili. Chovya kwenye gundi, kamua, bandika kila mahali sehemu mbili zinapokutana, pande zote mbili, kama daktari anavyofunga bendeji. Kauka, rudia. Tabaka tatu zinatosha. Funika pia kingo zote zilizo wazi, maana hapo ndipo unyevu na wadudu wanapoingilia.

Nane, kausha na kupaka rangi. Anika kivulini penye upepo. Kikikauka kabisa, paka rangi ya mafuta au vanishi mara mbili. Acha harufu iishe kabla ya kumpa mtoto.

Weka kitabu, kifunue, bana kurasa kwa vibanio viwili vya nguo juu ya ubao. Kazi imekwisha.

Tulipokosea sisi

Kiegemeo chetu cha kwanza kilidumu usiku mmoja. Tulikuwa na haraka, tukakata miguu bila kutazama mifereji, yote ikawa imelala. Asubuhi tulikikuta kimepiga magoti mbele ya maikrofoni. Fundi mitambo wetu akasema kimechoka kusikiliza taarifa ya habari.

Cha pili tulikata vizuri, lakini gundi ilikuwa maji matupu, na tukaona ni busara kukianika juani kikauke upesi. Jua likakausha upande wa juu, wa chini ukabaki na maji, ubao ukapinda kama kipande cha ngozi mbichi. Gundi nzito, uzito juu, kivuli na subira: hayo manne tuliyajua kwa kupoteza boksi zima la friji.

Unyevu, panya na moto

Adui wa kwanza wa boksi ni unyevu. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na wanaoishi juu huko wanaujua ukungu unaoingia mpaka ndani ya blanketi. Karatu nako, kuanzia Juni mpaka Agosti, nguo hukaa kambani siku nzima bila kukauka. Kama unaishi sehemu hizo, rangi ya mafuta si urembo, ni lazima. Kule chini Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kuna joto na ukavu, na kiegemeo kitakaa hata bila rangi, ila kwa vumbi kifute kwa kitambaa kikavu.

Adui wa pili ni wale wanaopenda uji wa ngano kama tunavyoupenda sisi: panya, mende na mchwa. Usikiache kiegemeo sakafuni usiku, hasa sakafu ya udongo. Kitundike ukutani kwenye msumari, au kiweke juu ya sanduku. Rangi nayo husaidia kuwazuia.

Adui wa tatu ni moto. Boksi ni karatasi. Usiweke kibatari au mshumaa mbele ya kiegemeo, wala nyuma yake, wala juu yake, na kisikae karibu na mafiga. Taa ya sola ndiyo salama. Itundike juu, kwa upande wa mkono ambao mtoto haandikii, ili kivuli cha mkono kisilale kwenye daftari.

Maswali yenu

Tulipotangaza kwamba tunaandaa makala hii, baadhi yenu mlituma maswali. Tunajibu machache.

Je, boksi la kawaida pekee haliwezi? Linaweza, ukiongeza tabaka. Mahali tuliposema tabaka mbili weka nne, na mahali tuliposema tatu weka sita. Gundi itatumika nyingi zaidi na siku za kukausha zitaongezeka.

Kitabeba kitabu kizito? Kamusi kubwa au Biblia ya familia itakaa, ila ongeza mguu wa tatu katikati. Utahitaji mstatili mmoja na nusu zaidi.

Kinaweza kutumika darasani? Ndiyo. Mwalimu anaweza kuviweka kadhaa kwenye kona ya kusomea, vitabu vikionyesha sura zake badala ya migongo. Mtoto mdogo huchagua kitabu kwa picha ya jalada kabla hajaweza kusoma jina lake.

Sisi hatukai sehemu moja, tunahama na mifugo. Tufanyeje? Mlio hivyo msitengeneze hiki kikubwa. Tengenezeni ubao wa mgongo na ukanda wake tu, uegemezwe kwenye jiwe au kigoda. Ni mwepesi, unaingia kwenye mzigo wa punda bila kuvunjika.

Kwa mtoto asiyeweza kushika kitabu

Kuna wasomaji wengine ambao kiegemeo kwao ni zaidi ya unafuu. Ni watoto ambao mikono yao haina nguvu au haitulii, wakiwemo wenye mtindio wa ubongo. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa anasoma vizuri kabisa, lakini kitabu kinamponyoka, na watu wa nyumbani wakadhani hapendi shule. Kitabu kikisimama chenyewe, mtu mmoja wa kufunua kurasa anatosha.

Njia tuliyoitumia ya tabaka, uji wa unga na vipande vya karatasi ina historia Afrika. Nchini Zimbabwe, Bevill Packer aliifundisha kwa miaka mingi na kuiandikia kitabu cha mwongozo. Kwa boksi na karatasi zilizotupwa watu wametengeneza viti, meza na hasa viti maalumu vya watoto wenye ulemavu, na ujuzi huo umesambaa nchi nyingine za Afrika. Kama boksi linaweza kumbeba mtoto, kitabu halitalalamika.

Tahadhari moja: kiti cha mtoto mwenye ulemavu usikibuni mwenyewe nyumbani. Kikikosewa kinaweza kuudhuru mgongo wake. Kwa kiti, mwone kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Kwa kiegemeo cha kitabu, huna haja ya kungoja mtu.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Kiegemeo chetu cha tatu hakipo tena studio. Tulikipeleka kwa yule mama, njia ikiwa na tope kuliko tulivyotarajia, kikiwa kimefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga. Watoto walikaa mstari mmoja kwenye mkeka. Yule mdogo alikitazama kitabu kwa muda bila kusema kitu, akainamisha kichwa ubavuni kwanza, kwa mazoea, halafu akakinyoosha. Akaanza kusoma, polepole kuliko alivyosoma siku ile darasani, akisimama kila neno. Dada yake alitaka kumsaidia, mama akamzuia kwa mkono.

Tulikaa mpaka akamaliza ukurasa mzima.

Ukitengeneza chako, tuletee habari yake: kimesimama au kimepiga magoti, na uliongeza nini ambacho sisi hatukukifikiria. Tutakisoma kisa chako hewani, jioni, saa ile ile. Mpaka hapo, usitupe boksi.